Maswali ya Wasomaji: Hedifoni za Bluetooth Zinapogoma kwenye Laptopu

Maswali yote ya toleo hili yanahusu hedifoni na iafoni za Bluetooth zinazotumika na laptopu. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa sababu laptopu nyingi hapa Dar zinatumia Windows ya Kiingereza. Neno moja kabla hatujaanza: ikiwa hedifoni inaimba vizuri kwenye simu lakini inakoroma kwenye laptopu, usikimbilie kuirudisha dukani. Kosa mara nyingi liko kwenye laptopu, na halihitaji hela kulirekebisha.

Muziki nasikia safi kabisa, lakini nikiingia tu kwenye kikao cha Zoom sauti inakuwa kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa. Kikao kikiisha, wakati mwingine inarudi, wakati mwingine inabaki hivyohivyo. Muuzaji anaapa hedifoni ni orijino. Nimwamini?
*Msomaji, Tabata Segerea*

Kwa hili mwamini. Bluetooth ina njia mbili za kupitisha sauti. Ya kwanza inaitwa A2DP, nayo ni ya muziki: sauti inatoka kwenye laptopu kwenda masikioni, kushoto yake na kulia yake, na hakuna kinachorudi. Ya pili inaitwa HFP, nayo ni ya maongezi: inapeleka na kurudisha. Hii ya pili ilibuniwa kwa ajili ya mtu anayepokea simu akiendesha gari, si kwa ajili ya kusikiliza taarabu. Masikio yote mawili yanapata sauti moja, na sauti yenyewe inapimwa mara 8,000 tu kwa sekunde katika toleo la zamani, au 16,000 katika toleo lililo bora kidogo. CD ya muziki hupimwa mara 44,100. Ukipima mara 8,000 huwezi kubeba sauti yoyote inayozidi hezi 4,000, na huko juu ndiko inakokaa sehemu kubwa ya sauti za s, f na sh, pamoja na mlio wa kayamba na matoazi. Zikiondoka hizo, linabaki pipa.

Laptopu inahama kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili pale programu yoyote inapofungua maiki ya hedifoni. Kwa hiyo dawa ni kutoifungua maiki hiyo. Ukiwa ndani ya Zoom, bofya mshale mdogo ulio karibu na alama ya maiki. Sehemu ya maiki chagua ile ya laptopu yenyewe, ambayo mara nyingi jina lake linaanza na "Microphone Array". Sehemu ya spika acha hedifoni. Sauti itafunguka baada ya sekunde chache. Kwenye Windows 10 utaona hedifoni moja imeandikwa mara mbili, moja ikiwa na neno "Stereo" na nyingine "Hands-Free". Ya kusikilizia ni hiyo ya "Stereo". Windows 11 huziunganisha kuwa jina moja, kwa hiyo usihangaike kutafuta la pili. Wenye MacBook waende "System Settings", kisha "Sound", kisha "Input", wachague maiki ya MacBook. Wenye Ubuntu wafungue mipangilio ya sauti, na kwenye "Configuration" wachague ile yenye herufi A2DP.

Sauti ikibaki mbaya hata baada ya kikao, kuna programu imeshikilia maiki. Windows 11 huonyesha alama ndogo ya maiki karibu na saa. Pitisha kishale juu yake itakutajia mhusika. Watuhumiwa wa kawaida ni WhatsApp ya kwenye kompyuta na kichupo cha kivinjari ulichokisahau tangu asubuhi. Funga, sauti inarudi.

Ukiwa na Windows 10 na huhitaji kabisa maiki ya hedifoni, unaweza kuikata moja kwa moja. Fungua "Control Panel", ingia "Devices and Printers", bofya hedifoni kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", kisha "Services", uondoe tiki kwenye "Handsfree Telephony". Kuanzia hapo laptopu haitajua kwamba hedifoni ina maiki, na simu yako haitaathirika.

Ubaya wa njia hii tuuseme wazi: maiki ya laptopu inasikia kila kitu, likiwemo pangaboi juu ya kichwa chako na muuza samaki anayepita dirishani. Kwenye mipangilio ya sauti ya Zoom kuna kipengele cha kupunguza kelele, "Background noise suppression", kiweke juu. Feni ya mezani ielekeze mgongoni mwako, isipulize kwenye laptopu. Ikiwa ni usaili wa kazi au mtihani wa mdomo, ushauri wetu ni wa kizamani: chukua iafoni za waya. Angalia pini yake. Ikiwa na mistari mitatu inayoizunguka, ina maiki. Ikiwa na miwili, haina. Laptopu yenye tundu moja tu la sauti huipokea bila shida.

Kuna teknolojia mpya iitwayo LE Audio, inayoruhusu sauti nzuri huku maiki ikiwa wazi. Ilikuja na Bluetooth 5.2 mwaka 2020, lakini ni lazima laptopu na hedifoni zote ziwe nayo, na Windows iwe 11 toleo la 22H2 au jipya zaidi. Namba 5.3 kwenye boksi peke yake haithibitishi kitu. Tafuta maneno "LE Audio" yenyewe, na kwenye mipangilio ya Bluetooth ya laptopu tafuta "Use LE Audio when available". Usipoyaona, huna.

Nakaa ghorofa ya tatu Ilala. Sauti inakatakata, hasa jioni. Intaneti natumia hotspot ya simu, na muda mwingi nimechomeka diski ya nje. Nimebadilisha hedifoni mara mbili.
*Msomaji, Ilala*

Ya tatu usinunue kwanza. Tenganisha matatizo mawili yanayofanana: ukitazama video mtandaoni na picha nayo ikasimama, hilo ni bando au mtandao, Bluetooth haihusiki. Picha ikiendelea huku sauti ikikatika, hapo ndipo penye kazi.

Fanya jaribio la dakika tano. Zima Wi-Fi, chomoa diski, cheza wimbo uliohifadhiwa kwenye laptopu yenyewe, kaa mita moja tu kutoka hapo. Ukisikika bila kukatika, rudisha Wi-Fi peke yake usikilize, kisha diski peke yake. Anayekukatia sauti atajitokeza mwenyewe.

Wi-Fi inahusikaje? Bluetooth iko kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaliyogawanywa kuwa chaneli 79, na huruka kutoka chaneli moja kwenda nyingine mara 1,600 kwa sekunde ikitafuta penye nafasi, kama bodaboda kwenye foleni ya Ubungo. Chaneli moja ya Wi-Fi ya masafa hayohayo inameza takriban 20 kati ya hizo. Majirani watatu wakiwa na ruta kwenye chaneli 1, 6 na 11, Bluetooth inabakiwa na kama 20 za kupenyea, na jioni ndipo kila mtu yuko nyumbani. Zaidi ya hapo, kwenye laptopu nyingi Wi-Fi na Bluetooth ziko kwenye kadi moja na hutumia antena hizohizo. Ukipakua faili kubwa, zinapokezana zamu.

Dawa ya kwanza ni kuhamisha Wi-Fi kwenda gigahezi 5. Simu nyingi za Android zina chaguo la bendi ndani ya mipangilio ya hotspot, weka 5. Masafa hayo hayapendi kuta za zege, ila simu ikiwa mezani karibu na laptopu hilo halikuhusu. Dawa ya pili, ambayo kwa mtu wa hotspot sisi tunaipendelea zaidi, ni kuachana na hotspot na kugawa bando kwa waya: unganisha simu na laptopu kwa waya wa USB unaopitisha data, kisha kwenye simu washa "USB tethering". Zima Wi-Fi ya laptopu. Hewani inabaki Bluetooth peke yake, na simu inapata chaji.

Sasa diski. Tundu la USB 3, ambalo mara nyingi ndani yake lina rangi ya bluu, pamoja na waya wake, hutoa kelele ya redio inayoangukia palepale kwenye gigahezi 2.4. Jambo hili linajulikana. Intel walichapisha vipimo vyake mwaka 2012. Waya mwembamba wa bei chee usio na kinga ndani ndio mbaya zaidi. Hamishia diski upande wa pili wa laptopu, au tafuta waya mzuri uliofunikwa vizuri, au ichomoe usipoitumia.

Mwisho, mwili wa binadamu una maji mengi, na maji hufyonza masafa haya. Laptopu ikiwa nyuma yako, au ukiwa umeegemea kochi huku iko sakafuni, mita kumi zinazoandikwa kwenye boksi zinapungua sana.

Nimenunua laptopu ya mtumba, aina ya zile za maofisi ya Ulaya. Wi-Fi ipo, lakini Bluetooth haionekani popote, hata kitufe chake hakipo. Fundi anataka kuniuzia kadi mpya.
*Msomaji, Mbagala Rangi Tatu*

Kadi ya Wi-Fi ya laptopu za aina hiyo kwa kawaida ina Bluetooth ndani yake, kwa hiyo uliza kwanza kwa nini imejificha.

Anza na lililo rahisi. Shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya "Shut down", ili Windows izimike kabisa. Kuzima kwa kawaida huacha sehemu ya mfumo imelala tu. Chomoa chaja, na kama betri inatoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha kila kitu na uwashe. Kadi zilizoganda mara nyingi huamka kwa njia hii, na ni jambo la kushangaza ni watu wangapi hutoa hela ya ufundi kabla ya kulijaribu.

Ikishindikana, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, wakati mashine inawaka: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Mashine zilizotoka maofisini mara nyingine zimefungiwa Bluetooth humo kwa sababu za usalama wa kampuni. Tafuta sehemu inayotaja "Wireless" au "Built-in Device", washa Bluetooth, hifadhi. Kama BIOS inadai nenosiri usilolijua, huo ni mzigo wa aliyekuuzia, mrudie.

BIOS ikiwa sawa, fungua "Device Manager". Ukiona kifaa chenye alama ya njano, au kilichoandikwa "Unknown device", bofya mara mbili, nenda "Details", chagua "Hardware Ids". Herufi zinazofuata VID zinamtaja mtengenezaji: 8087 ni Intel, 0BDA ni Realtek, 0CF3 ni Qualcomm Atheros, 0A5C ni Broadcom. Hiyo inamaanisha Bluetooth ipo, ila aliyeweka Windows upya hakuweka draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa hicho. Pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu kwa kutumia modeli iliyoandikwa chini ya mashine, na kama ni Dell, ile "Service Tag" ya herufi na namba saba. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitasasisha draiva zako zote kwa bonyezo moja, ziache. Nyingi huja na matangazo, na baadhi huweka draiva isiyo yako.

Kusipoonekana kitu chochote hata hapo, ndipo useme maunzi hayapo. Hata hivyo kadi mpya si lazima. Kidude cha USB cha Bluetooth kinatosha, na hakihitaji kufungua mashine. Mambo mawili tu: Windows haiwezi kutumia redio mbili za Bluetooth kwa pamoja, kwa hiyo ile ya ndani ikija kufufuka izime kwenye "Device Manager", na kidude usikibananishe na diski ya USB 3, kwa sababu tulizomweleza msomaji wa Ilala. Waya wa kurefusha USB wa nusu mita unakitenga vizuri. Kwa laptopu kuukuu yenye Windows 7 kuna aina nyingine ya kidude ambacho kompyuta inakiona kama kadi ya sauti, nacho chenyewe ndicho kinachooana, yaani kinachotambulishana, na hedifoni kwa kubonyezwa kitufe. Hakihitaji draiva ya Bluetooth kabisa. Dukani sema wazi unataka kipi.

Nikifungua kasha la iafoni zinajiunga na simu, laptopu haizioni.
*Mwanafunzi, Mlimani*

Zinaikimbilia simu kwa sababu ndiyo zilizooana nayo. Kuoana na kuunganishwa ni mambo mawili: kuoana hufanyika mara moja, kuunganishwa ni kila siku. Laptopu haitaziona kwenye orodha ya vifaa vipya mpaka ziwe katika hali ya kuoana, na hali hiyo haiji kwa kufungua kasha tu. Zima Bluetooth ya simu. Weka iafoni zote mbili ndani ya kasha, acha kifuniko wazi, bonyeza kitufe cha kasha kwa sekunde kadhaa mpaka taa ianze kupepesa. Zisizo na kitufe huwa na namna ya kugusa iafoni zenyewe; karatasi iliyokuja kwenye boksi inaeleza. Kwenye Windows ingia "Bluetooth & devices", bofya "Add device", chagua Bluetooth. Ukiona majina mawili yanayofanana, chagua lenye alama ya hedifoni. Baada ya hapo washa tena Bluetooth ya simu. Kama iafoni hazina uwezo wa kushika vifaa viwili kwa pamoja, itabidi kila mara uzitoe kwenye simu ndipo uziunganishe na laptopu. Hilo haliponi kwa mipangilio.

Sikio moja limenyamaza.
*Msomaji, Kigamboni*

Jaribu kwenye simu. Likisikika huko, nenda kwenye mipangilio ya sauti ya laptopu uangalie mizani ya kushoto na kulia. Mtu huivuta bila kujua. Likinyamaza hata kwenye simu, kagua vidoti vya chuma ambavyo iafoni inachajia. Jasho na chumvi ya upepo wa bahari hutengeneza ukungu wa kijani au mweusi hapo, iafoni haipati chaji, na kila upande una betri yake. Futa vidoti vya iafoni na vya kasha kwa pamba ya kwenye kijiti iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti, acha dakika kumi pakauke. Wavu mdogo unaotoa sauti usipake spiriti. Uelekeze chini na upigepige taratibu kwa mswaki mkavu, nta ya sikio itoke. Bado? Ziondoe kwenye orodha ya Bluetooth ya simu na ya laptopu, ziwekee upya mipangilio ya kiwandani kwa namna mtengenezaji alivyoandika, kisha zioanishe upya zikiwa zote mbili kashani.

Kwenye filamu midomo inatangulia sauti.
*Msomaji, Kimara*

Bluetooth huchelewesha sauti, na kwa SBC, namna ya kawaida ya kuibana sauti, ucheleweshaji unaweza kufika sehemu ya tano ya sekunde. Ukitumia VLC, ile programu ya kuchezea video, bonyeza J: kila bonyezo linaleta sauti mbele kwa milisekunde 50. Ukizidisha, K inarudisha. Kwenye YouTube kivinjari mara nyingi hujirekebisha chenyewe. Michezo ya kompyuta haina suluhisho kama hilo, kwa sababu mchezo haujui utakachobonyeza sekunde ijayo. Chomeka waya.

Naenda Kariakoo Jumamosi kununua hedifoni. Nikague nini kabla ya kulipa?
*Msomaji, Sinza*

Nenda na laptopu yenyewe ikiwa na chaji, na wimbo unaoujua vizuri uwe umehifadhiwa ndani, usitegemee bando. Oanisha palepale kaunta. Cheza wimbo, geuka uipe laptopu mgongo, tembea hatua tano. Kisha fungua programu ya kurekodi sauti, chagua maiki ya hedifoni, sema sentensi mbili huku mtaa ukipiga kelele, usikilize. Itakuwa ya pipa, hilo umeshalijua sababu yake, ila maneno yako yasikike yote. Zima hedifoni, iwashe tena, uone kama inairudia laptopu bila kuoanishwa upya. Uliza kama ina tundu la waya wa milimita 3.5, na kama waya wenyewe umo ndani ya boksi. Chaji ikiisha katikati ya kikao ndio utakaokuokoa. Nembo za jina kubwa kwa bei ya vocha tunakuachia uamue mwenyewe. Risiti iandikwe modeli, tarehe na siku za kurudishia, na boksi usilitupe mpaka siku hizo zipite.